Kibuyu Kilichorudisha Greda

Greda ilifika Kambi Mawe siku ile ile mheshimiwa alipopanda ndege.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mwakilishi wa wadi, na hakuwa ameugua wala kushtakiwa. Alipata kazi ya kuendesha malori Kanada, akajiuzulu kwa barua fupi, akauza gari lake kubwa na kuwaaga watu wa kanisa lake kwa pilau. Watu wa wadi walimlaumu kidogo, wakamwonea wivu sana. Kisha wakasikia mngurumo barabarani, wakatoka kutazama.

Mideva alitoka saluni na kitana mkononi. Nyuma yake alitoka mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa, upande wa pili nywele zimesimama zikisubiri zamu yao.

"Hiyo ni nini?" mteja akauliza.

"Ni greda. Ile tulikuwa tunaona kwa televisheni."

"Imepotea njia?"

"Hapana," akajibu Khisa, mwenyekiti wa waendesha boda boda, ambaye alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake mbele ya saluni kama kawaida, akisubiri abiria na habari, na zaidi habari. "Imekuja kututafuta. Mnajua bunge la kaunti limegawanyika katikati? Chama cha Kengele wako sawasawa na Chama cha Ndoo. Mtu akienda chooni, upande wake unashindwa kura. Sasa kiti cha hapa kikibaki wazi, atakayekichukua ndiye atashika kaunti nzima. Kamati zote, bajeti yote, mpaka ufunguo wa choo."

Mideva hakucheka. Alikuwa ametazama chini, kule barabara inakoishia kwenye kijito.

Kijito hicho ndicho kilichotenganisha Kambi Mawe na Kapsoya, na juu yake palikuwa na gogo. Wakati wa kiangazi gogo lilitosha. Mvua ndefu zikianza, lilikuwa likiteleza kama sabuni, na kina mama wa Kapsoya, ambao ndio wenye pesa za kusukwa, walikuwa wakifika ukingoni, wakilitazama, kisha wakigeuka na kurudi kwao. Mwanamke aliyekaa kutwa nzima akisukwa hataki kurudi nyumbani akitambaa kwa magoti juu ya gogo. Msimu uliopita wateja walikatika kabisa, na Mideva akauza draya moja ili saluni isifungwe. Alibaki na moja. Mvua zikija tena kabla ya daraja, angeiuza na hiyo, na saluni isiyo na draya ni kibanda chenye kioo. Angefunga, arudi kwao Vihiga kulima majani chai ya baba yake, na kumhamisha binti yake Mary shule katikati ya mwaka.

Daraja waliomba miaka mingi. Waliomba kwa barua, kwa maandamano, na mara moja kwa maombi ya mfungo.

"Wakileta greda," alisema polepole, "wanaweza kuleta na simiti."

*

Wakaleta. Mgombea wa Kengele, Nicholas Kipkoech, mtu mrefu mwenye tabasamu la kuuza bima, alisimama ukingoni akaapa kwamba daraja la miguu litajengwa na Kengele. Kesho yake mafundi wakachimba, na kabla ya wiki kuisha nguzo mbili za zege zilikuwa zimesimama kijitoni. Johnstone Munene wa Ndoo aliposikia hivyo, akaleta lori la vyuma. Kengele wakaongeza kokoto. Ndoo wakaongeza fundi kutoka Nairobi aliyevaa kofia ngumu hata akila. Asubuhi greda ilisawazisha barabara ya Kengele. Jioni lori la Ndoo lilimwaga changarawe juu ya barabara hiyo hiyo.

Saluni ya Mideva haikuwahi kuwa na wateja wengi hivyo, maana kila mwanamke alitaka kusukwa huku akiangalia. Na ni humo saluni, kichwa cha mtu kikiwa mapajani mwa Mideva, ndimo wazo lilimozaliwa.

"Mimi nimeshaamua nitampa nani," alisema mwanamke mmoja.

"Usiseme," Mideva akamkatiza.

"Kwani kuna ubaya?"

"Ukisema, watajua. Wakijua, yule aliyeshinda atasema kazi imeisha, na yule aliyeshindwa atasema hasara imetosha. Wote wataenda. Na daraja halina hata ubao wa kukanyagia."

Wanawake wakasogeza viti karibu.

"Kwa hivyo tuseme nini?"

"Tuseme tunaomba Mungu atuongoze."

Basi ikawa hivyo. Mtu wa Kengele akiuliza, anaambiwa watu wanaomba. Wa Ndoo akiuliza, wanaomba. Kwenye mikutano walipiga makofi kiasi, wala si mengi wala si haba, wakavaa kofia zilizogawiwa na huyu, kesho yake wakavaa za yule. Khisa aligawanya pikipiki zake nusu kwa nusu kwenye kila msafara, na matawi ya miti yakafungwa mbele za zote.

Kulikuwa na mgombea wa tatu, ingawa hakuna aliyemhesabu. Mwalimu Rosebella Amolo alikuwa amefundisha chekechea ya Kambi Mawe tangu ilipokuwa chumba kimoja cha mabati, na nusu ya wapiga kura alikuwa amewafuta makamasi. Hakuwa na chama. Tume ilimpa alama ya kijiko. Mabango aliandika kwa mkono wake, na spika aliazima kanisani kwa sharti kwamba asiitumie siku ya Jumapili kabla ya ibada kuisha. Kila mtu alimpenda, na kila mtu alimwambia waziwazi kwamba kumpa kura ni kuitupa.

"Sawa," alikuwa akijibu, "lakini itupe upande wangu."

*

Dada yake Mideva, Brigid, alikuwa akihudumia wazee katika mji mmoja mdogo kaskazini mwa Uingereza. Siku za Jumamosi alipiga simu ya video, na Jumamosi ile alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba.

"Huku kwetu pia tumekuwa na uchaguzi mdogo," alisema. "Diwani alihama. Nimepiga kura."

"Wewe? Kama nani?"

"Kama mkaaji. Sisi wa Jumuiya ya Madola wanaturuhusu uchaguzi wa baraza la mji."

"Na walikupa nini?"

"Karatasi. Mtu aliisukuma kwa tundu la mlango, akaenda zake."

"Hata kofia?"

"Mama Mary, hata penseli ya kupigia kura imefungwa kwa uzi."

Mideva alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza habari za greda, na Brigid akafuta macho.

"Hapa hawachimbi kitu," Brigid alisema. "Lakini ni vita tu. Chama kilichotawala mji huu tangu hawa wazee ninaowahudumia wakiwa vijana kimekuwa kikipoteza kiti hapa, kiti pale, mpaka sasa hakuna aliye na wengi. Kuna mzee mmoja hana chama. Anakuja mkutanoni na mbwa wake. Akikohoa, pande zote mbili zinamletea maji. Walitaka kufunga maktaba, akatingisha kichwa, maktaba ikabaki."

"Mzee mmoja?"

"Mzee mmoja na mbwa."

Mideva aliweka simu chini, akaendelea na shughuli zake, lakini yule mbwa hakumtoka akilini.

*

Wiki tatu kabla ya kura, mvua ya kwanza ilinyesha, na ilimkuta Nicholas Kipkoech akizunguka nyumba kwa nyumba. Alikimbilia kwenye uwanja wa Jepchumba.

Jepchumba alikuwa mwanamke mzee wa hapo hapo, mwenye ng'ombe wawili na shamba dogo ambalo mji ulikuwa umelizingira kila upande. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, hata wale waliotoka magharibi na walio na nyanya zao. Alipomwona mtu mzima amesimama chini ya paa lake, suti imemganda mwilini, hakufikiria chama. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa yake yaliyolala siku nyingi na kukolezwa unga wa mkaa wa mti, akampa kwa mikono miwili. Kipkoech akapokea kwa mikono miwili, akainua, akanywa.

Msaidizi wake akapiga picha.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kudhani ni mtu anakunywa maziwa. Lakini hapa ni Eldoret. Hapa mwanariadha akishinda Ulaya, anatua uwanja wa ndege na jambo la kwanza analokutana nalo ni kibuyu cha mursik mikononi mwa mama. Kila mtoto ameiona picha hiyo, bingwa amefumba macho, kibuyu kimeinuliwa. Kibuyu mbele ya kamera hapa maana yake ni moja tu, kwamba mbio zimekwisha.

Kabla mvua haijakatika, picha ilikuwa kwenye kila simu, na chini yake maneno: *Kambi Mawe imeamua. Hongera Mheshimiwa.*

Asubuhi Mideva alifungua saluni, akasikia kimya. Greda ilikuwa imeondoka kwenda Moiben, kwa wakulima wa huko ambao nao walikuwa wameiomba muda mrefu. Kijitoni mafundi wa Ndoo walikuwa wakipakia mbao zao za kumwagia zege kwenye lori, na yule fundi wa Nairobi alikuwa amevua kofia ngumu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na upara.

"Mnaenda wapi?" Mideva aliuliza.

"Tumeambiwa hapa hakuna kura zetu, mama. Tusipoteze simiti."

"Na hizo nguzo?"

Fundi alizitazama nguzo mbili zilizosimama majini, vyuma vimelala juu yake bila chochote cha kukanyaga. "Ni nguzo nzuri," alisema kwa haki, akapanda lori.

*

Alimkuta Kogo akikamua.

"Kogo, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Umempa Kipkoech mursik. Mbele ya kamera."

"Mtu amelowa nimwache?" Kogo hakuinua kichwa. "Nilimpa maziwa. Kura yangu iko kwangu, haijatoka."

"Wao wamedhani imetoka."

"Wakidhani, mimi nifanyeje, niwaingie kichwani?"

Mideva alikaa juu ya jiwe, akaeleza kila kitu, greda, mbao, fundi. Kogo aliendelea kukamua, maziwa yakigonga ndoo. Kisha akasema kwamba Munene naye akifika pale kwake kama mgeni, atakunywa. Yeye hamnyimi mtu. Ila hatoki kwenda kumtafuta.

Basi Khisa alitumwa. Alimwambia Munene kwamba kuna mama mzee ana neno naye, na mchana ule ule Munene akafika na wapiga picha watatu. Alikuwa kijana wa kupendeza, ila amekulia Nairobi, na maziwa yake ya maisha yote yalikuwa ya pakiti yenye picha ya tunda. Alishika kibuyu kwa mkono mmoja, shingoni, kama mtu anashika chupa ya soda. Akakipindua. Mursik haitoki kama soda. Hukaa, hukaa, halafu huja yote. Ilikuja yote. Ilijaza mdomo, ikateremka kidevuni, ikaenea kwenye shati jeupe ikiwa na vijidoti vyeusi vya mkaa, na Munene akakohoa mpaka kuku wa Kogo wakatawanyika.

Wapiga picha walifanya kazi yao.

"Sasa tumeharibu kabisa," Khisa alisema jioni saluni, akiitazama ile picha kwa mara ya kumi na kucheka kwa mara ya kumi. "Kengele wanafanya sherehe. Mmoja amenunua mbuzi."

"Wewe Khisa, acha kucheka."

"Mama Mary, mimi ninalia. Ni vile tu inatoka hivi."

Wanawake walikuwa wamebanana kwenye benchi. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Timboroa, meusi kama sufuria. Mideva aliitazama draya yake, akakiona kivuli cha kichwa chake kwenye chuma kinachong'aa, kidogo na cha kuchekesha. Ndipo akamkumbuka yule mbwa.

"Kuna mtu mmoja hatujampa kibuyu," alisema.

Walimtazama.

"Mwalimu Rosebella."

Khisa aliacha kucheka. "Kijiko? Hana hata tishati."

"Ndiyo. Tazama. Kengele anajiona ameshinda, Ndoo anajiona ameshindwa, kwa hivyo wote wawili wamelala. Lakini Mwalimu akipewa kibuyu, Kengele atasema kumbe haijaisha, na Ndoo atasema kumbe inawezekana. Wataamka wote."

Wazo lilionekana zuri kwa kila mtu isipokuwa mwenye kibuyu.

"Hapana," Kogo alisema walipomfikia. "Kibuyu si kofia ya kampeni. Wa kwanza nilimpa kwa sababu alilowa. Wa pili kwa sababu mlimleta. Nikianza kupeleka maziwa huku na huku kwa sababu ya greda, hayo hayatakuwa maziwa tena."

"Kogo, daraja."

"Nimesikia daraja. Mimi pia nina miguu, tena mibovu. Lakini nitampa mtu nikitaka kumpa." Akafunga mlango, kwa upole.

Usiku ule Mideva alimwambia Mary kwamba huenda wakaenda kukaa kwa babu kidogo. Mary aliuliza kama huko Vihiga kuna daraja, akaambiwa lipo, akasema basi ni sawa, halafu akalala amegeukia ukuta.

*

Jumapili ilikuja na manyunyu. Ibada ilikuwa imekwisha upande wa Kapsoya, na watu wa Kambi Mawe waliokuwa wamesalia upande wao walisimama ukingoni kuwangoja jamaa zao wavuke. Waliovuka walivua viatu. Wengine walikaa juu ya gogo na kujisukuma kama watoto. Wagombea wa Kengele na Ndoo, kila walipokuja, walikuwa wakizunguka na magari kwa barabara kuu, nusu saa nzima, ili wasiliguse.

Kisha akatokea Mwalimu Rosebella, gauni la kanisani, mkoba begani, spika ya kanisa imefungwa mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga. Aliangalia gogo. Akavua viatu, akavitia ndani ya mkoba, akapanda.

"Mwalimu, zunguka," mtu alimpigia kelele.

"Nizunguke na gari la nani?"

Katikati gogo likatikisika. Mwalimu akainama, akashika kwa mikono, spika ikaponyoka kwenye leso na kuning'inia ubavuni, ikajiwasha yenyewe, na bonde zima likasikia pumzi zake. Lilisikia pia, kwa sauti kubwa kuliko mahubiri ya siku ile, akijiambia: "Polepole, Amolo. Polepole, mama. Ulifunza watoto kutembea, wewe itakushinda?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Lakini Kogo, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na fimbo yake, hakucheka. Alimtazama mpaka akafika, matope hadi magotini, gauni limechanika pindo. Ndipo akageuka akaenda kwake, na watu wakadhani amechoka.

Alirudi na kibuyu.

Hakumtazama Mideva. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya Mwalimu, akakitoa kwa mikono miwili.

"Wengine wanakuja kutuambia habari ya daraja," alisema. "Wewe ni wa kwanza kupita mahali halipo. Kunywa."

Mwalimu alipiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Akanywa tena. Alikunywa kama mtu aliyevuka kijito, mpaka chini, akafuta mkaa mdomoni kwa kiganja, akakilamba kiganja hicho.

"Kogo, kuna mwingine?" aliuliza.

Hapo hakuna aliyejizuia. Mideva alijikuta akipiga vigelegele na machozi yakimtoka, na Khisa, simu mkononi, alikuwa tayari amebonyeza.

*

Jumatatu greda ilirudi kutoka Moiben kwa mwendo ambao hakuna aliyejua greda inaweza kwenda. Lori la Ndoo lilishuka upande wa Kapsoya, na fundi wa Nairobi alikuwa na kofia yake kichwani. Kengele walianza kumwaga zege kutoka ukingo huu, Ndoo kutoka ule, na vibarua wa pande zote, ambao walikuwa majirani tu, walikula mandazi sufuria moja. Kipkoech alisimama ukingo wa huku, Munene ukingo wa kule, wakasalimiana kwa kukunja uso. Waliwahi kabla ya mvua kubwa, na walipokutana katikati, vibarua wakapeana mikono.

Ikafika saa ya kufungua. Wagombea wakabishana nani atembee wa kwanza. Kipkoech alisema nguzo ni zake. Munene alisema vyuma ni vyake. Walipokuwa bado wakibishana, mmoja wa ng'ombe wa Kogo akakata kamba, akapanda darajani, akavuka hadi Kapsoya akitafuna, na kazi ya kuzindua ikaishia hapo.

Siku ya kura, foleni ilikuwa ya amani na vicheko. Mkataba wa saluni ulikuwa umekwisha. Daraja lilikuwepo, na kila mtu angempa anayempenda. Mideva aliingia kwenye kibanda cha kadibodi, akaiona karatasi: kengele, ndoo, kijiko. Alikuwa ameahidi nafsi yake mambo mengi kuhusu kura ile. Aliitia alama, akaikunja haraka kama mtu anayeficha kitu sokoni, akatoka akiwa ametulia sana usoni.

Jioni walijaa saluni kusikiliza redio. Mbuzi wa Kengele alikuwa bado amefungwa nje ya ofisi yao, hai, akila majani ya msafara. Matokeo yalisomwa na mtu aliyekuwa akikohoa katikati ya kila jina, na alipofika mwisho, alisoma Amolo, Rosebella, mgombea huru, na kusema ndiye aliyechaguliwa.

Mtu akazima redio.

"Nani alimpa?" mwanamke mmoja aliuliza.

Walitazamana. Mideva aliinamisha kichwa.

"Mimi," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilisema apate hata moja, asiaibike."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo."

"Hata mimi. Nilisema ni ya ule mursik tu."

"Alinifuta makamasi," mwingine alijitetea.

Khisa aliinua mkono mlangoni kama mwanafunzi. "Vijana wangu wote wa boda. Kila mmoja amekuja kunielezea siri kwamba ni yeye pekee."

Walianza kucheka, na kicheko kikapita mlangoni, kikashuka mpaka kijitoni.

*

Mwalimu aliapishwa, na bunge likabaki lilivyokuwa, sawasawa huku na kule, isipokuwa sasa katikati palikuwa na kiti kimoja na aliyekikalia hakuwa na bosi. Wiki iliyofuata, mvua ikimwagika nje, alikuja saluni kusukwa kwa ajili ya kikao. Alivuka daraja kwa miguu, mwavuli mkononi. Baada yake walivuka kina mama wa Kapsoya, mmoja, kisha wawili, kisha benchi likajaa na Mideva akalazimika kuazima viti kwa jirani. Draya ilikuwa ikiunguruma bila kupumzika, na Mideva alikuwa ameshaulizia bei ya nyingine.

Kiongozi wa Kengele bungeni na kiongozi wa Ndoo walikuwa wamekaa kwenye benchi hilo hilo, magoti yamebanana, mmoja ameshikilia vitana, mwingine mfuko wa nywele, kwa sababu Mideva aliwaambia wasikae bure.

"Mheshimiwa Amolo," alianza wa Kengele, "kuhusu kamati ya bajeti."

"Nasukwa," Mwalimu alisema. "Nikisukwa sisikii vizuri. Ila nimeona lile daraja halina vyuma vya kushikilia pembeni. Watoto watateleza."

"Tutaweka upande wa kushoto," alisema wa Kengele haraka.

"Sisi upande wa kulia," alisema wa Ndoo.

"Na viwe urefu mmoja," Mwalimu aliongeza. "Na msipake rangi zenu. Kaa vizuri, wewe mwenye mfuko, unakunja hizo nywele."

Jumamosi Brigid alipiga simu. Mideva alimgeuzia kamera ili aone daraja, mvua, na mwanamke mmoja wa Kapsoya akivuka wima, kichwa juu, misuko mipya imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, mkono mmoja kwenye chuma cha Kengele na mwingine kwenye cha Ndoo.

"Kwa hivyo mna mzee wenu pia," Brigid alisema. "Na yeye ana mbwa?"

"Hana," Mideva alisema. "Ana Kogo. Ngoja kidogo, kuna mteja."